Msimbazi Hauhitaji Mtandao

Saa nne usiku, Jumapili, nilikuwa kwenye benchi la kituo kimoja cha afya hapa Dar es Salaam, nimempakata binti yangu anayechemka homa. Daktari alikuwa ameshamwona na kumwandikia kipimo cha damu. Dirishani nikaambiwa ni shilingi 8,000. Nikachomoa msimbazi mmoja, noti ya elfu kumi, mpya, haujakunjwa hata mara mbili. Kijana wa dirishani akautazama kama mtu aliyeletewa samaki wa juzi.

"Mzee wangu, hapa hatushiki hela. Subiri kontroo namba."

Nikasubiri. Kontroo namba haikutoka, maana mfumo ulikuwa chini. Hela ipo, mtaalamu wa maabara yupo nyuma ya pazia anachezea kalamu, mtoto anaungua. Kilichokosekana ni tarakimu 12 kutoka kwenye kompyuta. Jirani yangu pale benchini alikuwa mama mmoja, mtoto mgongoni. Alifungua pindo la kanga akahesabu: noti saba za buku, na jero mbili. Elfu nane kamili. Simu yake ilikuwa imezima chaji tangu jioni. Ilipokaribia saa sita akalifunga tena pindo, akasema atarudi asubuhi, akaondoka. Mimi nilipata kipimo saa saba, mfumo ulipoamka.

Tangu siku hiyo kila nikisikia hotuba kuhusu uchumi usiotumia fedha taslimu, namkumbuka yule mama. Na hotuba hizo ni nyingi. Bango la barabarani linatuambia tuache kubeba hela. Kwenye makongamano ya fedha, mtu mwenye tai anasema noti ni ghali kuchapisha, ni chafu, inavutia vibaka, inaficha wakwepa kodi, na nchi zilizoendelea zimeshaitupa. Kwenye mgahawa wa vijana, ukitoa noti, mhudumu anacheka kidogo na kukuuliza kama huna lipa namba. Msimamo umeshakuwa wa kawaida kiasi kwamba hakuna anayeuhoji: kadi na simu ni maendeleo, keshi ni ushamba.

Mimi nasema msimamo huo si sahihi, na walioukosea zaidi ni wale wanaoupigia debe kwa jina la maskini.

Kwanza niondoe dhana kwamba nachukia simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na mwaka uliofuata ikafika kwetu. Kabla ya hapo, hela ya mama yangu Korogwe nilikuwa namkabidhi kondakta wa basi ndani ya bahasha, halafu usiku sipati usingizi hadi nisikie imefika. Leo ni sekunde chache. Kwa jambo hilo simu nimeiheshimu na nitaendelea kuiheshimu. Ugomvi wangu ni na wanaotaka huu mlango mmoja mzuri uwe ndio mlango pekee, na ile milango mingine yote ipigwe misumari.

Tuanze na jambo linalojulikana na kila muuza mboga, ingawa kwenye makongamano hulisikii. Chukua noti ya elfu kumi. Asubuhi namlipa mama lishe deni la wiki. Yeye anamlipa muuza mkaa, muuza mkaa anamlipa mwenye guta, mwenye guta ananunua unga kwa Mangi mwenye duka. Jioni noti ile imepita mikono minne na bado ni elfu kumi. Mangi ataikunja kesho aende nayo kwa muuzaji wa jumla, naye hatauliza imetoka kwa nani.

Sasa pitisha elfu kumi hiyohiyo kwenye simu. Utasikia neno ambalo Mtanzania yeyote analijua kuliko wimbo wa redioni: "Tuma na ya kutolea." Maneno hayo manne ni ripoti kamili ya uchumi. Yanatuambia kwamba anayepokea hela ya simu hakusudii kuiacha kwenye simu. Saa kumi alfajiri anatakiwa awe sokoni kuchukua nyanya kutoka kwa mtu aliyeshuka na lori kutoka Ilula, na mtu yule anataka noti mkononi kwa sababu naye ana vibarua wa kuwalipa palepale. Kwa hiyo hela ya simu, kwa watu hawa, ni keshi iliyochelewa na kukatwa. Wakikwambia kulipa kwa lipa namba ni bure, uliza bure kwa nani. Mteja huenda asikatwe kitu. Mfuate muuzaji anapoitoa ile hela kwa wakala, ndipo utaona bure imelipiwa na nani.

Na makato yenyewe hayana mwenye kuyazuia. Julai 15, 2021 tuliamka na tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala, juu ya makato ya kampuni. Kelele zilikuwa kubwa, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kupunguzwa. Mtaani kwetu wakala alikaa kwenye kibanda chake siku nzima akitazama barabara. Watu walirudi kwenye bahasha na makondakta kana kwamba miaka 13 haikupita. Uganda walikuwa wametutangulia: Julai 2018 walitoza asilimia 1 ya thamani ya muamala, wakalazimika kushusha hadi nusu asilimia na kubakiza kwenye kutoa tu. Kenya, Machi 2020, wakati wa korona, kutuma chini ya shilingi 1,000 kulifanywa bure, na watu wakasifu sana. Mwaka ulipokwisha makato yakarudi, na mwaka 2023 ushuru unaotozwa juu ya makato hayo ukapandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15. Sisemi serikali zisitoze kodi. Nasema hela ikishapitia geti, mwenye geti anapanga bei, na wewe umeshazoea njia hiyo hadi umeisahau nyingine. Noti inayotoka mkononi mwangu kwenda mkononi mwako haina geti. Mfumuko wa bei unaila, nakubali, lakini unaila na ile ya kwenye simu vilevile.

Wanasema keshi inaibiwa. Kweli. Mimi mwenyewe niliwahi kukwapuliwa pochi Kariakoo, ilikuwa na elfu 23 na kitambulisho. Kibaka alichukua elfu 23 na habari ikaisha. Sasa nionyeshe Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunaucheka kwa sababu tumeuzoea, lakini unaendelea kutumwa kwa kuwa kuna wanaoujibu: bibi ambaye kweli alikuwa anasubiri namba ya fundi, mwanafunzi ambaye kweli alikuwa anatafutiwa chumba. Kibaka wa mfukoni lazima akufikie. Wa simu anaweza kuwa mkoa mwingine, anakunywa chai, na akikupata hachukui kilichokuwa mfukoni tu, anachukua salio lote. Ukienda kulalamika utaambiwa namba ya siri uliitoa mwenyewe.

Kuna mwizi mwingine ambaye ni wa halali. Umekopa kidogo kwenye simu, ule mkopo unaokuvusha salio lisipotosha. Mwezi unaofuata shemeji anakutumia hela ya matibabu. Kabla hujaiona imeshakatwa deni. Deni ni lako, ni kweli, na dawa ya deni ni kulipa. Lakini mwenye noti mkononi anaamua mwenyewe leo alipe deni au anunue dawa ya mtoto. Mwenye salio ameshaamuliwa. Huko Kenya, tangu Fuliza ilipoanza mwaka 2019, kuna watu ambao kila shilingi inayoingia inakuta mdai amekaa mlangoni. Huo uhuru mdogo wa kupanga nani asubiri hadi Jumatatu ndio mtaji mkubwa wa mtu wa kipato cha kubangaiza, na ndio wa kwanza kupotea hela inapohamia kwa mwenye mfumo.

Nikifika hapa huwa naambiwa: sawa, lakini dunia inaelekea huko, tazama Sweden. Vizuri, tuitazame. Nchi hii ndiyo iliyotoa noti za kwanza Ulaya, mwaka 1661, na miaka ya karibuni ndiyo iliyokimbia mbele zaidi kuziacha; kuna maduka na hata matawi ya benki yaliyokataa kabisa kugusa noti. Kisha nini? Mwaka 2021 ilianza kutumika sheria inayozilazimisha benki kubwa kuendelea kutoa huduma za fedha taslimu. Novemba 2024 serikali ikasambaza kijitabu kwa kaya zaidi ya milioni tano kuhusu kujiandaa na janga au vita, na moja ya mashauri yake ni kuweka nyumbani fedha taslimu za kutosha angalau wiki moja, za noti tofautitofauti. Majirani zao wa Norway, Oktoba mwaka huohuo, walitia nguvu sheria inayompa mteja haki ya kulipa kwa noti dukani. Marekani, jiji la Philadelphia mwaka 2019, na New York mwaka uliofuata, yalipiga marufuku maduka kukataa keshi, kwa hoja kwamba asiye na akaunti ya benki naye anakula. Wajerumani, matajiri wa Ulaya, mwaka 2023 bado walikuwa wanafanya zaidi kidogo ya nusu ya malipo yao kwa noti na sarafu. Hao tunaoambiwa tuwafuate wako njiani wanarudi, na sisi tunapishana nao tukikimbilia walikotoka.

Na giza limewaongezea sababu. Aprili 28, 2025 umeme ulikatika Uhispania na Ureno karibu nchi nzima, kadi zikawa vipande vya plastiki, na aliyekuwa na noti mfukoni ndiye aliyenunua maji. Kwetu giza si habari ya Ulaya. Agosti 25, 2023 Kenya ilizimika karibu yote. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na ukanda wetu mzima ukakaa siku kadhaa intaneti ikitambaa kama kobe. Halafu yale madogo ya kila siku ambayo hayaandikwi popote: muamala umekwama, hela imetoka kwangu haijafika kwako, konda anang'ang'ana, abiria wanapiga kelele, "tutakurudishia ndani ya saa 72". Mtu mwenye nauli ya daladala tu ataishije hizo saa 72?

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote (kama unaweza kupenda balaa) ni wa Nigeria. Oktoba 2022 Benki Kuu yao ilitangaza noti mpya za naira 200, 500 na 1,000, na muda mfupi wa kurudisha za zamani. Moja ya shabaha ilikuwa kuwasukuma watu kwenye malipo ya kidijitali. Noti za zamani zikamezwa na benki, mpya hazikutosha. Januari na Februari 2023 watu walilala kwenye foleni za mashine za kutolea fedha. Mawakala waliuza noti kwa noti. Na ule mfumo wa kidijitali uliosubiriwa kuokoa jahazi ulilemewa, kwa sababu watu wote waliusogelea kwa siku moja. Miamala ikakwama, wenye maduka wakakataa uhamisho wasiouona. Matawi ya benki yakachomwa moto. Tarehe 3 Machi Mahakama ya Juu ikaamuru noti za zamani ziendelee kutumika hadi mwisho wa mwaka. Taifa lenye vijana mafundi wa teknolojia ya fedha kuliko taifa lolote la jirani lilionyeshwa kwamba kidijitali inasimama vizuri pale keshi inapoishikilia kwa nyuma. Ukiiondoa keshi, yote mawili yanaanguka.

Kuhusu kodi na ufisadi sitasema mengi, maana hoja yenyewe haina mengi. India walijaribu: Novemba 8, 2016 waziri mkuu Narendra Modi alitangaza usiku kwamba noti za rupia 500 na 1,000 si halali tena, asilimia 86 ya thamani ya fedha yote iliyokuwa mtaani, ili kuwanasa waficha fedha chafu. Zaidi ya asilimia 99 ya noti hizo zilirudi benki salama. Wenye fedha chafu walijua njia. Walioumia ni vibarua waliolipwa kwa siku. Na hapa kwetu, fedha za EPA, akaunti ya madeni ya nje, shilingi bilioni 133 za mwaka wa fedha 2005/06, hazikubebwa na mtu kwenye kiroba. Zilitoka Benki Kuu kwenda kwa kampuni 22 kwa nyaraka, nyingi za kughushi. Mchicha wa shilingi 500 unaolipiwa kwa sarafu hauwezi kuibeba dhambi hiyo.

Jambo ambalo linanigusa zaidi ni la ndani ya nyumba, na wataalamu wa mifumo, wengi wao wanaume wenye simu mbili, hawalioni. Mama yangu alikuwa na kibubu cha mbao nyuma ya mtungi. Baba alijua kipo, hakujua kina nini. Humo zilitoka ada zangu za kidato cha kwanza, mwaka ambao baba aliuza mahindi akarudi na redio. Leo kuna wanawake wengi ambao simu yao inashikwa na mume, namba ya siri anaijua mume, ujumbe wa "umepokea" unasomwa na mume kabla yao. Ukimwambia mwanamke huyo kwamba noti kwenye pindo la kanga ni ushamba, umemnyang'anya chumba pekee chenye ufunguo wake. Ule ujumbe wa simu wanaouza mitandao wanauita "kumbukumbu ya miamala" na wanasema utamsaidia kupata mkopo. Kwa mwenye duka linalokua, huenda. Kwa huyu, kumbukumbu ndiyo hatari yenyewe.

Na mtoto. Mtume mtoto wa miaka saba kwa Mangi na buku, akalete chumvi ya mia tatu na kiberiti cha mia. Ataikunja mkononi hadi iloe jasho, atarudi na mia sita, na njiani ameshafanya hesabu kwa sababu anajua zikipungua ataulizwa. Binti yangu alijifunza kutoa kwa njia hiyo kabla mwalimu hajamfundisha. Simu humpi, namba ya siri humpi. Atalipa na nini?

Kosa moja la keshi nalikubali bila ubishi: chenji. Konda anayekwambia "chenji baadaye" hadi umeshuka, duka linalokurudishia pipi mbili badala ya mia, hayo yanaudhi na yanakula hela za watu. Lakini hilo ni tatizo la sarafu kutosambazwa, na dawa yake ni kuzisambaza. Nyumba ikivuja unaziba bati.

Wakenya wametuachia somo zuri kuliko hotuba zote. Mwaka 2014 serikali iliagiza matatu zote zikatae keshi na abiria walipe kwa kadi. Kadi zilikuwa za kampuni mbalimbali, hazisomani, tarehe ya mwisho ikasogezwa na kusogezwa, mpango ukafa. Leo panda matatu Nairobi, utaona abiria wengi wanalipa kwa M-Pesa, na mwingine anampa makanga noti, na gari linaenda. Amri ilishindwa kufanya kile ambacho watu walikifanya wenyewe walipoachwa wachague.

Hicho ndicho ninachokidai. Noti na sarafu zetu ni fedha halali kwa Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006, lakini karatasi iliyobandikwa kwa gundi kwenye dirisha la kituo cha afya ina nguvu kuliko sheria hiyo. Bunge liseme kwa maneno yasiyo na kona: anayeuza chakula, dawa, matibabu, maji au nauli asikatae fedha taslimu, awe wa serikali au binafsi. Wanaotetea kontroo namba wana sababu, siwabezi. Watunza fedha waliiba, mapato yalivuja, na mfumo umeziba mianya mingi. Ila mwizi alikuwa upande wa ndani wa dirisha, na mzigo amebebeshwa aliyeko nje.

Kwa hiyo kwa waziri anayehusika, na kwa mganga mfawidhi wa kila kituo, ombi langu ni dogo na halihitaji mshauri kutoka nje. Mfumo uendelee kutumika unapofanya kazi. Usipofanya kazi, pawepo na droo yenye kufuli, kitabu cha stakabadhi chenye nakala, na mtu wa kuhesabu asubuhi. Yule mama alikuwa na elfu nane.